Flaiwili ya vipande viwili: mtetemo haufutwi, unahamishwa tu



Leo naweka kando PHP na hifadhidata, tuzungumze chuma. Wale mliokuja kutafuta msimbo mnivumilie. Mkifika mwisho mtaona hatukwenda mbali sana na kazi yetu.

Kuna ushauri unaozunguka katika gereji zetu kama wimbo wa matatu: "Hii flaiwili ya siku hizi ni wizi wa wazungu. Toa, weka ile ya kizamani, utanishukuru." Nimeusikia Nairobi, nimeusikia Nakuru, na sina shaka Mombasa wanao. Hutolewa kwa sauti ya uhakika, na mara nyingi hutolewa giaboksi ikiwa tayari iko chini, gari liko juu ya mawe, na mwenye gari hana pa kukimbilia.

Mimi nasema ushauri huo, jinsi unavyotolewa, ni mbovu. Sisemi kwamba hakuna siku unafaa. Siku hiyo ipo, na nitaitaja. Ni mbovu kwa sababu anayeutoa haelezi kinachoondolewa, na kile kinachoondolewa kilikuwa kikifanya kazi. Watengenezaji nao wasianze kupiga makofi, nitawafikia.

KWANZA, KITU CHENYEWE NI NINI?

Flaiwili unaijua. Ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krankishafti. Klachi inabana juu yake, na stata inauma meno yaliyo pembeni yake. Kazi yake ya asili ni kutunza mwendo: pistoni zinasukuma kwa vishindo, flaiwili kwa uzito wake inalainisha vishindo hivyo. Ile ya kizamani ni kipande kimoja cha chuma, basi. Ikichakaa uso unaipeleka kwa mwenye mashine ya kukereza, anaisawazisha, unarudi barabarani.

Hii nyingine, ambayo katika orodha za vipuri utaiona kwa herufi DMF, ni flaiwili iliyokatwa mara mbili. Kipande cha kwanza kimefungwa kwenye krankishafti. Kipande cha pili kinabeba klachi. Katikati yao kuna springi ndefu zilizopindwa kama upinde, zimelala ndani ya grisi, na beringi au bushi inayoviweka vipande hivyo kwenye mstari mmoja. Kipande kimoja kinaweza kutangulia kingine kwa nyuzi kadhaa kabla springi hazijakirudisha. Kampuni ya LuK ya Bühl, Ujerumani, ilianza kuzitengeneza kwa wingi kwa magari madogo mwaka 1985. Kwa hiyo si kitu cha juzi. Kina miaka 40 na ushei.

Kwa lugha ya sisi watu wa programu: ni bafa. Upande mmoja kuna mtumaji anayetuma data kwa vishindo, upande wa pili kuna mpokeaji asiyependa vishindo. Unaweka kitu katikati kinachomeza na kuachilia polepole. Sasa niambie, ukikuta bafa imeharibika kwenye mfumo wako, utaifuta tu na kuondoka? Haya, tuendelee.

HESABU KIDOGO (usikimbie)

Chukua injini ya silinda 4, ya mipigo minne. Katika kila mzunguko mmoja wa krankishafti kuna milipuko 2. Gari likiwa limesimama likinguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1600 kwa dakika, karibu 27 kwa sekunde. Ukiwa mwendo wa mizunguko 1500, ni milipuko 50 kwa sekunde. Kila mlipuko ni teke. Krankishafti haizunguki sawasawa hata kidogo: inakimbia, inapunguza, inakimbia, inapunguza.

Mateke hayo yanaingia kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi ya gia za mkono, meno ya gia zote za mbele yameumana muda wote, hata zile ambazo hujaziingiza. Kati ya jino na jino kuna nafasi ndogo, na lazima iwepo. Mwendo ukija kwa mateke, meno yasiyobeba mzigo yanagonga huku na huku ndani ya nafasi hiyo. Huo ndio ule mlio wa kokoto ndani ya kopo.

Halafu kuna resonansi. Umewahi kusukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo unampeleka juu sana. Ukisukuma ovyo ovyo, haendi popote. Injini, springi na giaboksi ni bembea. Katika mpango wa kizamani, ambapo springi ndogo ziko kwenye pleti ya klachi, bembea hiyo hupatana na injini mara nyingi kati ya mizunguko 1200 na 2000 kwa dakika. Yaani pale pale unapoendeshea! Pale ndipo unapopanda kilima na mzigo.

Flaiwili ya vipande viwili inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inaongeza uzito upande wa giaboksi, na inaweka springi laini zaidi. Uzito ukiongezeka na springi zikilainika, bembea inakuwa ya polepole. Inashuka hadi karibu mateke 10 kwa sekunde, ambayo kwa silinda 4 ni mizunguko 300 hivi kwa dakika. Injini haifanyi kazi pale. Inapita hapo mara mbili tu: unapowasha na unapozima.

Huo ndio ujanja wote. Mtetemo haukuuawa, ulifukuzwa ukaenda kuishi mahali ambapo injini haikai. Na ukishajua hilo, unajua pia kwa nini betri iliyochoka ni sumu kwa kifaa hiki. Stata ikizungusha injini kwa uvivu, unakaa ndani ya eneo la resonansi sekunde nyingi badala ya kulipita kwa haraka, na springi zinapigwa hadi mwisho wa nafasi yao. Asubuhi ya baridi kule Limuru, betri ya miaka mitano, kwrr... kwrr... kwrr... Kila "kwrr" ni bili.

"LAKINI 504 HAIKUWA NAYO!"

Hii ndiyo hoja ya mafundi wengi, na si hoja ya kijinga. Peugeot 504 zilizounganishwa hapa Kenya zilibeba kila kitu bila flaiwili ya vipande viwili. Land Rover Defender ya 300Tdi haikuwa nayo. Mbona ziliishi?

Ziliishi kwa sababu hazikupigwa mateke haya. Dizeli ya 504 haikuwa na turbo. 300Tdi, yenye turbo, ilitoa kama Nm 265 za nguvu ya kusokota. Sasa tazama Nissan Navara D40 yenye dizeli ya lita 2.5: Nm 403 kwenye mizunguko 2000. Ujazo wa injini ni ule ule wa lita 2.5, silinda ni zile zile 4, lakini kila teke limekuwa zito zaidi kwa nusu nzima. Giaboksi nazo zimefanywa nyepesi na mafuta yake mepesi ili gari lisile dizeli, kwa hiyo kile kilichokuwa kikimeza mtetemo kwa uzito na unata kimepungua. Halafu dereva anaambiwa aweke gia kubwa mapema ili apunguze matumizi. Injini inavuta kutoka chini kabisa, mahali penye mateke makali kuliko kote.

Land Rover wenyewe walipotoka 300Tdi na kwenda Td5 mwaka 1998 waliweka flaiwili ya vipande viwili. Ford Ranger iliyokuja 2011 inayo. Volkswagen Transporter za dizeli zinazo. Hawa wote hawakukutana usiku kupanga jinsi ya kumwibia mkulima wa Molo. Walikuwa na tatizo la kifizikia.

Kwa hiyo kusema "504 haikuwa nayo" ni sawa na kusema seva yangu ya 2003 haikuhitaji foleni ya kazi. Kweli, ilikuwa na wateja kumi na wawili.

PIKAPU YA MAZIWA

Jamaa yangu mmoja anabeba maziwa kutoka Kinangop kushuka mjini. Pikapu yake ni ya dizeli, yenye flaiwili hii. Ilianza kugonga wakati wa kuzima: klang, klang, kisha kimya. Akaipeleka gereji moja, sitaitaja. Wakaitoa, wakamwekea flaiwili ya kipande kimoja. Akalipa nusu ya alichokuwa ameambiwa kwa ile nyingine. Akafurahi.

Kile ambacho hakuna aliyemwambia ni hiki. Katika magari mengi yenye flaiwili ya vipande viwili, pleti ya klachi haina springi katikati. Imenyooka, kavu. Haina sababu ya kuwa nazo, kwa kuwa springi ziko kwenye flaiwili. Na hilo lina faida yake: pleti inakuwa nyepesi, na sinkronaiza hazipati taabu unapobadilisha gia. Sasa wao walitoa flaiwili yenye springi, wakaacha pleti isiyo na springi, kwa sababu "bado ina nyama". Hesabu mwenyewe springi zilizobaki kati ya pistoni na gia. Sifuri! Hata 504 ya babu yako ilikuwa nazo kwenye pleti.

Pikapu ilianza kunguruma kwenye gia ya tano kama imebeba mawe, na baada ya miezi kadhaa beringi za giaboksi zilikuwa zinalia. Akafungua tena. Siku ambazo gari liko juu ya mawe, maziwa hayasubiri. Wakulima wanaompa maziwa hawana habari za resonansi, wanajua tu kwamba gari halikuja. Ile nusu aliyookoa aliilipa tena, na zaidi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina ugomvi na flaiwili ya kipande kimoja. Nina ugomvi na kumbadilishia mtu mfumo bila kumwambia kwamba umembadilishia mfumo. Katika kazi yetu, mtu akifuta mistari ya kushughulikia hitilafu kwa sababu "inaleta kelele kwenye logi", tunamwita jina lake. Kwenye gereji tunamwita fundi mjanja.

ZAMU YA WATENGENEZAJI

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nao wana deni.

Mosi, kitu hiki kinachakaa. Springi zinasugua, grisi inazeeka na kuvuja, bushi inalegea. Kinachakaa kama klachi inavyochakaa. Lakini mwenye gari anakinunua ndani ya gari bila mtu kumwambia kwamba ni kifaa cha kubadilishwa. Anakuja kujua siku ya bili. Na bili yenyewe! Mara nyingi flaiwili peke yake inagharimu kuliko klachi nzima inayobanwa juu yake.

Pili, kimefungwa kabisa. Huwezi kununua springi peke yake, huwezi kununua grisi na sili mpya. Kampuni zinakataza hata kukikereza uso. Unatupa kilo kadhaa za chuma kizuri kwa sababu ya bushi iliyolegea. Katika nchi yenye jua kali nzima ya watu wanaoweza kufufua karibu chochote, hilo linauma.

Tatu, joto. Klachi ikiteleza muda mrefu, joto linaingia kwenye flaiwili na kuua grisi iliyo ndani. Msongamano wa Thika Road jioni, nusu klachi kwa saa nzima, au pikapu ya tani moja iliyobebeshwa tani mbili: hayo ndiyo maisha ya gari hapa. Mtengenezaji anayeuza gari hapa anajua hivyo.

Nne, na hili halisemwi sana: kwa kuwa uzito umegawanywa, upande wa krankishafti umebaki mwepesi, kwa hiyo kule mbele, kwenye mikanda ya alteneta na pampu, mtikisiko unaongezeka. Tena tunarudi pale pale. Mtetemo haufi. Unahama.

Na usisahau nani anauza nini. LuK, ambao ni sehemu ya Schaeffler, wanasema hadharani usibadilishe kwenda kipande kimoja. Wao ndio wanauza vipande viwili. Valeo wa Ufaransa wanauza vyote, pamoja na seti kamili ya kubadilishia. Kila mmoja ana hoja ya kihandisi na kila mmoja ana duka. Sikiliza hoja, lakini usisahau duka.

SASA NI LINI UBADILISHE?

Nimesema siku hiyo ipo. Kwa maoni yangu, badilisha kwenda kipande kimoja ikiwa mambo haya yote yamekutana:

1. Gari ni la kazi na limezeeka, na bei ya flaiwili mpya ya vipande viwili haiendani tena na thamani ya gari. Td5 nyingi ziko hapa, na wapo wanaoziendesha hivyo kwa miaka.

2. Unanunua seti kamili iliyobuniwa kwa injini ile: flaiwili, presha pleti, beringi ya klachi, na pleti yenye springi za mwendo mrefu. Seti, narudia. Si flaiwili ya gari moja na pleti ya gari jingine zilizokutana Kirinyaga Road.

3. Umeambiwa, na umekubali, kwamba gari litakuwa na kelele na mtikisiko zaidi ya awali, na kwamba giaboksi itabeba sehemu ya mateke ambayo haikuwa inayabeba.

4. Uko tayari kubadilisha namna ya kuendesha. Gia kubwa kwenye mizunguko 1100 ukipanda kilima, sahau.

Moja likikosekana, baki na vipande viwili, na ununue mpya. Ile iliyotumika inayouzwa kama "ex-Japan" ni bahati nasibu: imefungwa, huoni springi wala grisi, na hujui iliteswa na nani.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza haya. Na wako wengi wazuri, nisieleweke vibaya.

- Umejuaje kwamba imekufa? Kuzungusha kwa mkono na kusema "ona inacheza" si kipimo. INATAKIWA kucheza! Kila modeli ina kiwango chake cha nyuzi za kuzunguka na cha kuyumba, na kuna kifaa cha kupimia.
- Umekagua nozeli? Silinda moja ikikosa, injini inatikisika na lawama inaangukia flaiwili isiyo na kosa. Ukiweka mpya juu ya nozeli mbovu, utaiua na hiyo.
- Sili ya nyuma ya krankishafti inavuja? Giaboksi ikiwa chini ndiyo nafasi yake.
- Bolti ni mpya? Nyingi za flaiwili hizi ni za kutumika mara moja tu, zinanyooka zikikazwa.
- Pleti unayoweka ina springi au haina, na kwa nini?
- Nitaondoka na ile ya zamani? Uichukue. Ni yako.

NA WEWE DEREVA

Badilisha betri kabla haijakuzeesha. Kwenye kilima tumia breki ya mkono, usishikilie gari kwa klachi. Usiondokee gia ya pili ukiwa na mzigo. Usikanyage mafuta hadi chini ukiwa kwenye mizunguko 1000, shusha gia kwanza. Na ule mtindo wa "kuichipu" injini ipate nguvu zaidi kwa kubadilisha programu yake: umeongeza uzito wa kila teke, na springi ni zile zile. Mimi ni mtu wa programu na nakwambia, laini moja ya msimbo haiongezi milimita moja ya chuma.

Hizi hizi flaiwili sasa ziko hata kwenye giaboksi nyingi za klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe, kama zile DSG za Volkswagen. Magari ya aina hiyo yanaingia nchini kila mwezi, mengine yakikaribia ukomo wa miaka 8 tunaoruhusu. Bili zake ziko njiani, na kule hakuna fundi wa kukwambia "toa weka ya kizamani", kwa sababu ya kizamani haipo.

Kwa hiyo tujifunze sasa. Mtu akikwambia kifaa fulani "hakina kazi", muulize kazi yake ilikuwa nini kabla hajakigusa spana. Akikujibu vizuri, mwachie gari. Akicheka, chukua funguo zako uende.

Alamsiki.